Ng'ambo ipi? Kuifuata Danube kwa baiskeli kutoka Passau hadi Vienna

Mara ya kwanza nilitoka Passau, Ujerumani, saa tatu asubuhi nikashika ukingo wa kusini wa mto Danube, kwa sababu tu nilimwona mzee mmoja mwenye baiskeli ya maana ameelekea huko. Njia ipo, tena ya lami, lakini inakwenda sambamba na barabara kuu. Malori yakanisindikiza, pikipiki zikanipita zikivuma kama nyuki, na kila nikigeuza shingo kushoto naona ng'ambo ya pili watu wanaendesha taratibu chini ya miti, gari hakuna. Kuvuka siwezi, daraja limeshabaki nyuma. Mzee mwenyewe nilimkuta kilomita kumi mbele ameketi mkahawani. Kumbe safari yake ilikuwa inaishia pale.

Kwa sehemu kubwa ya safari hii Danube ina njia mbili, moja kila ukingo, na mara nyingi moja ni tamu na nyingine ni ya kuvumilia. Anayejua ashike ng'ambo ipi na avukie wapi atafurahi hata kama miguu yake si ya mwanariadha. Mwongozo huu unajibu hilo, mji kwa mji. Njia yenyewe ni kama kilomita 320 na ni kipande cha EuroVelo 6, ile njia ndefu ya baiskeli inayotoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Ni tambarare mno: Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna kama 160, na mteremko wote huo umegawanywa kwa siku sita au saba. Kilomita 40 hadi 60 kwa siku zinamtosha mtu wa kawaida anayependa kushuka na kutazama vitu.

Makaratasi na majira

Ukitoka Nairobi au Dar es Salaam kwa pasipoti ya kwetu, unahitaji visa ya Schengen. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na hapa ni Austria, maana Ujerumani utalala usiku mmoja tu. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya isipungue euro 30,000, na maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Wewe unayeishi Ulaya tayari, beba pasipoti pamoja na kibali cha ukaazi, usiviache nyumbani kwa kuwa "ni Schengen tu". Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mpaka huu, na polisi hupanda treni.

Majira mazuri ni katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, au Septemba. Julai jua linachoma, ila ndipo aprikoti zinapoiva, kwa hiyo mimi Julai siichukii. Kuanzia Oktoba hadi Aprili sahau vivuko vidogo vingi, na bila vivuko safari hii inapoteza nusu ya utamu wake. Iwapo mvua kubwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, ulizia hali ya mto kabla ya kuondoka. Njia inapita chini kabisa, karibu na maji, na ndiyo inayozama kwanza.

Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mbio. Tafuta yenye tairi la upana wa milimita 35 hadi 40, gia zinazobadilika bila ubishi, na keria imara. Passau kuna maduka ya kukodisha. Swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni moja: naweza kuirudisha Vienna? Wapo wanaokubali, wapo wanaotaka uirudishe wewe mwenyewe kwa treni. Ya umeme pia inafaa, hasa kama mnasafiri wawili na nguvu zenu hazilingani. Nimeona ndoa ikinusurika kwa betri. Upepo wa huku huvuma mara nyingi kutoka magharibi, yaani mgongoni kwako, na ndiyo sababu watu wengi huenda na maji. Lakini zipo siku unageuka ukawa wa mbisho, na siku hizo kilomita 40 ni nyingi.

Kwa sisi tuliokulia kushoto mwa barabara, hatari kubwa si mto. Huku watu hupita kulia. Kwenye njia ya baiskeli utazoea baada ya nusu saa. Utakapojisahau ni pale unapotoka mkahawani umeshiba, barabara tupu, hakuna wa kumfuata. Mimi hufunga kitambaa chekundu upande wa kulia wa usukani, nikipanda tu nakiona. Pima na breki kabla hujaondoka: kwa kawaida huku mkono wa kushoto ndio unaokamata gurudumu la mbele, na mtu aliyezoea kinyume akibana kwa hofu anaweza kuruka juu ya usukani.

Sheria chache za Austria: mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, simu mkononi huku unaendesha ni faini, taa na kengele viwepo. Na ndiyo, mlevi wa baiskeli naye hukamatwa.

Mizigo iwe mikoba miwili isiyopitisha maji, kila upande wa keria. Weka tyubu moja ya akiba, viraka, pampu, spana ndogo, koti la mvua, na vaselini ya mapaja. Hiyo ya mwisho usione aibu. Siku ya tatu utanikumbuka.

Passau hadi Schlögen, kama kilomita 45

Kabla ya kukanyaga pedali, tembea hadi ncha ya mji wa kale, mahali mito mitatu inapokutana. Ilz inatoka msituni ikiwa nyeusi kama chai ya mkandaa, Inn inashuka kutoka Alps na rangi ya kijani yenye maziwa, Danube iko katikati, na kwa muda maji hayo yanakwenda pamoja bila kuchanganyika. Kisha pita ukutani mwa jumba la manispaa usome alama za mafuriko. Ile ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, iko juu sana kuliko kichwa cha mtu, na iliyoizidi ni ya mwaka 1501.

Vuka daraja, shika ukingo wa kaskazini. Utapita Obernzell, halafu bwawa la umeme la Jochenstein ambapo Ujerumani inaishia. Kuanzia hapo ni msitu upande mmoja na mto upande mwingine, kimya hadi unasikia cheni yako inavyolia. Ukifika kijiji kinachoitwa Au, njia inakatika. Usiogope, hujapotea: kivuko cha watu na baiskeli kitakuvusha hadi Schlögen, kusini. Mfuko wako uwe na chenji, maana si kila nahodha anapokea kadi.

Hapo Danube inakutana na mwamba mgumu, inakataa kuupasua, inageuka ikarudi ilikotoka. Ukiwa chini huoni kitu zaidi ya mto unaopinda. Funga baiskeli, panda kwa miguu kama nusu saa hadi mahali wanapopaita Schlögener Blick, ndipo utaona pindo zima, mto umejikunja kama chatu aliyeshiba. Panda jioni, mchana huwa na foleni ya wapiga picha.

Schlögen hadi Linz, kama kilomita 55

Endelea kusini hadi Aschach, na zaidi hadi Wilhering. Kanisa la abasia, yaani makao ya watawa, ya hapo kwa nje ni la kawaida; ingia ndani. Dari na kuta zimejaa malaika, mapambo na dhahabu hadi macho hayajui yatue wapi. Mimi si mtu wa makanisa lakini nilikaa pale dakika arobaini.

Kisha vuka kwenda Ottensheim kwa kivuko, na ukitazame vizuri. Hakina injini ya kukisukuma. Kimefungwa kwa kamba nene ya chuma iliyotandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo. Nahodha anakigeuza pembe kidogo dhidi ya mkondo, na maji yenyewe yanakisukuma kuvuka. Hakuna kelele, hakuna moshi. Anayeijua pantoni ya Kigamboni saa kumi na mbili jioni atashangaa kwamba mambo haya mawili yana jina moja.

Kutoka Ottensheim hadi Linz ni ukingo wa kaskazini, kando ya barabara yenye magari mengi. Ivumilie, si ndefu. Linz ni mji wa viwanda na haujifichi, na ndiyo maana ninaupenda. Uwanja wake mkuu ni mpana, Kepler, yule mwanasayansi wa nyota, aliishi mjini hapa tangu 1612 hadi 1626, na Mozart aliandika simfonia nzima hapa kwa siku chache mwaka 1783. Kula keki ya hapa, Linzer Torte, halafu kalale.

Linz hadi Grein, kama kilomita 60

Kaskazini. Baada ya kilomita 25 hivi utafika Mauthausen, mji mdogo wenye nyumba za rangi kando ya maji, watu wanakunywa kahawa. Juu ya kilima chake, kati ya 1938 na 1945, Wanazi walikuwa na kambi ya mateso. Walipachagua kwa sababu ya machimbo ya mawe ya matale. Watu wapatao 190,000 walifungwa katika Mauthausen na kambi zake ndogo, na angalau 90,000 kati yao walikufa. Wafungwa walibebeshwa mawe mgongoni wakapanda ngazi za machimbo, ngazi 186.

Kilima ni kikali, utasukuma baiskeli. Tenga saa tatu. Wapo wanaosema usiweke kambi ya mateso katikati ya likizo. Mimi naona kinyume. Ukipita chini ukanywa kahawa yako ukaenda zako, umeuona mji nusu. Ila siku hiyo usipange kufika mbali. Miguu itakuwepo, hamu ya kuendesha haitakuwepo.

Upande wa pili wa mto, ndani kidogo, kuna Enns, mji uliopewa haki za mji mwaka 1212. Kumbuka jina hilo, tutarudi kwalo Dürnstein.

Njia inaacha mto, inazunguka mashambani, kisha inarudi na mabonde yanabana. Hapa zamani palikuwa na miamba na vimbunga vya maji vilivyopasua mashua, na Grein ilitajirika kwa kuwauzia wenye mashua huduma ya marubani wanaoijua njia. Leo maji yametulia kwa sababu ya bwawa la Ybbs-Persenbeug lililokamilika 1959. Ukiweza, ingia ukumbi wa tamthilia wa Grein wa mwaka 1791, ulio ndani ya ghala la nafaka la zamani. Choo kilikuwa humo humo ukumbini, nyuma ya pazia, na gereza la mji lilipakana nao hivi kwamba mfungwa aliweza kuchungulia mchezo kupitia tundu la ukuta. Bure kabisa.

Grein hadi Melk, kama kilomita 50

Vuka ushike kusini, bila mjadala. Kaskazini kuna barabara na malori. Pita Ybbs, pita Pöchlarn, na kabla hujachoka utaiona Melk kwa mbali, abasia ya manjano iliyokalia mwamba kama meli iliyopanda nchi kavu. Watawa wa Kibenedikto wako hapo tangu 1089. Jengo unaloliona ni la Jakob Prandtauer, lilianza 1702. Ndani kuna maktaba ya vitabu kama 100,000. Fika kabla ya saa tisa alasiri, maana ukichelewa utakimbizwa chumba kwa chumba.

Melk hadi Krems, kama kilomita 36, na usizimalize haraka

Hii ndiyo Wachau, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milima imepangwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, na kila ngazi ina mizabibu. Chini, karibu na njia, ni miaprikoti. Julai wakulima huweka meza barabarani, boksi la matunda na kopo la pesa, mwenyewe hayupo. Unachukua, unalipa, unakwenda. Niliwahi kununua kilo mbili nikajidanganya kwamba nitazifikisha Krems. Zilipondeka kwenye mkoba zikalowesha soksi zote, na nyigu wakanifuata hadi Spitz.

Wengi watakwambia kusini ni kimya zaidi, na ni kweli. Lakini vijiji viko kaskazini. Kwa hiyo vuka daraja la Melk hadi Emmersdorf na ufuate kaskazini. Willendorf ni kijiji unachoweza kukipita bila kujua. Mwaka 1908 hapa ndipo kilipofukuliwa kinyago cha mwanamke cha sentimita 11, chenye umri unaokaribia miaka 30,000. Kijijini utaona nakala, chenyewe kiko Vienna. Kisha Spitz, Weissenkirchen, Dürnstein.

Juu ya Dürnstein kuna magofu ya ngome alimofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, baada ya kukamatwa karibu na Vienna Desemba 1192 akirejea kutoka vita vya msalaba. Aligombana na mtawala wa Austria, Leopold wa 5, akalipia ugomvi huo kwa shehena ya fedha. Sehemu ya fedha hiyo ilijenga kuta za miji, Vienna na ile Enns uliyoipita juzi. Panda ngomeni kama pumzi ipo.

Halafu fanya jambo ambalo wasafiri wa basi hawana muda nalo: chukua kivuko kidogo uvuke kwenda Rossatz, kusini, ukae kwenye nyasi ugeuke nyuma. Mnara wa buluu na nyeupe wa kanisa, mji chini yake, gofu juu, na vyote tena kichwa chini ndani ya maji. Ukiwa Dürnstein kwenyewe unaona migongo ya watalii. Dürnstein ni mji wa kutazamwa kutoka ng'ambo. Ukishatosheka, endelea hadi Mautern, daraja litakuingiza Krems.

Krems hadi Vienna, kama kilomita 80 kwa siku mbili

Sitakudanganya, baada ya Wachau nchi inalala. Ni tuta refu lililonyooka, lami, mto, mti, mti mwingine. Shika kusini. Kinachonisimamisha ni Zwentendorf: kinu cha nyuklia kilichojengwa hadi mwisho, tayari kuwashwa, kisha Novemba 1978 wananchi wakapiga kura na asilimia 50.5 wakakataa. Hakikuwashwa hata siku moja. Kipo hadi leo, kikubwa, kijivu, bubu. Lala Tulln, alikozaliwa mchoraji Egon Schiele mwaka 1890. Kesho yake pita Klosterneuburg, kisha ufuate njia ya mfereji wa Donaukanal inayokufikisha Schwedenplatz, katikati ya Vienna, bila kugombana na gari lolote.

Kula na kulala

Jumapili maduka yamefungwa. Nasema maduka yote, isipokuwa vituo vya mafuta na stesheni kubwa. Jumapili yangu ya kwanza nilifika kijijini saa mbili usiku, jiko la nyumba ya wageni limefungwa, nikalala na ndizi mbili na nusu pakiti ya biskuti. Jumamosi nunua mkate, jibini na matunda. Ukiona neno *Ruhetag* mlangoni, ni siku yao ya mapumziko, usigonge.

Asiyekula nguruwe awe macho. Schnitzel, kipande chembamba cha nyama ya kukaanga, iliyoandikwa *vom Schwein* ni nguruwe na ndiyo ya bei nafuu; *Wiener Schnitzel* yenyewe kisheria ni ya ndama. *Speck* ni nguruwe na hujificha hadi kwenye saladi. Linz na Krems wauza kebabu wapo. Kwenye Wachau, nyumba yenye kitawi kilichoning'inizwa mlangoni inauza mvinyo wake yenyewe. Usiyekunywa agiza *Traubensaft*, juisi ya zabibu zile zile. Maji ya bomba yananyweka kila mahali, jaza chupa bila wasiwasi.

Kulala, tafuta bango la *Zimmer frei*, vyumba vipo. Julai na Agosti weka nafasi Wachau mapema. Ukifika salimia kwanza, *Grüß Gott*, kabla ya kuuliza bei. Kama kwetu tu, anayeanza na bei huonekana hana malezi. Na barabarani kariri neno *Umleitung*: njia imefungwa, fuata mshale.

Kurudi

Treni ya Vienna hadi Passau huchukua chini ya saa tatu, lakini treni za masafa zina nafasi chache za baiskeli. Kata tiketi yako na ya baiskeli kwa pamoja, siku kadhaa kabla. Siku ya mapumziko Vienna, nenda makumbusho ya Naturhistorisches ukakione kile kinyago cha Willendorf. Kimewekewa chumba chake, chenye giza, na ni kidogo kuliko unavyokitarajia.

Njiani kote utakuwa umeona mabango ya namba ukingoni. Hizo ni kilomita za mto, zinahesabiwa kutoka mdomoni, Bahari Nyeusi, kwa hiyo zinapungua kadiri unavyosonga: Passau ni kama 2,226, Vienna 1,929. Mimi huyafuata hayo badala ya kipimo cha simu.

Ukirudisha baiskeli, kumbuka kufungua kitambaa chako. Mimi nilikisahau, na mwenye duka akanikimbilia nacho hadi stesheni, akidhani ni ukumbusho wa mtu.